Kupima malisho: majani yaliyopo yatatosha kwa siku ngapi?

Mfugaji anayekadiria malisho kwa macho peke yake aghalabu hugundua kosa lake wakati majani yamekwisha na mifugo imekonda. Iko njia ya kulijua jambo hilo mapema, nayo haihitaji zaidi ya fremu, mundu, mizani na subira.

Kila kiangazi kinapoanza katika nyanda za malisho za Afrika Mashariki, swali kubwa huwa ni kama majani yaliyopo yataifikisha mifugo kwenye mvua zijazo.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba "majani yapo". Hata anayeishi Muscat au London, ambaye ng'ombe wake wanatunzwa na ndugu zake nyumbani, hupewa jibu hilo hilo kwa simu. Tatizo ni kwamba jibu hilo halina kiasi ndani yake, na pasipo kiasi hakuna mpango.

Wataalamu wa malisho hutumia kipimo kimoja: kilo za majani makavu katika hekta moja. Ukavu ndio msingi wa kipimo hicho. Wakati wa masika, maji huweza kufikia asilimia 70 hadi 80 ya uzito wa majani mabichi. Anayepima majani hayo bila ya kuyakausha huwa amepima maji zaidi kuliko chakula.

Kukata, kukausha na kupima

Chombo cha kwanza ni fremu ya mbao au chuma, yenye sentimeta 50 kwa kila upande, yaani robo ya mita ya mraba.

Mpimaji hutembea kwa mstari ulionyooka na kuiweka fremu chini kila baada ya hatua alizoziamua tangu mwanzo. Hachagui mahali. Fremu ikiangukia penye upara, upara nao huandikwa kuwa ni sifuri, kwani ni sehemu ya malisho kama sehemu nyingine.

Majani yote yanayoliwa yaliyomo ndani ya fremu hukatwa karibu na ardhi, kwa kimo kilekile kila mara, na kutiwa katika mfuko wa karatasi wenye namba. Katika maabara hukaushwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 60 hadi 65 kwa muda wa saa 48. Kijijini huweza kuanikwa juani na kupimwa kila siku, mpaka uzito uache kupungua.

Hesabu yake ni nyepesi. Gramu zilizopatikana katika fremu ya robo mita ya mraba zikizidishwa kwa 40, hutoa kilo kwa hekta.

Mfano wa ngitili

Mkoani Shinyanga, Tanzania, Wasukuma wana desturi ya ngitili: eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili majani yake yatumike kiangazi. Desturi hiyo ilipata nguvu mpya kutokana na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanzishwa mwaka 1986.

Tuchukue mfano wa ngitili ya hekta 20. Fremu 30 zimekatwa, na wastani wake ni gramu 45 za majani makavu. Hizo ni kilo 1,800 kwa hekta, au kilo 36,000 kwa ngitili nzima.

Lakini si yote ya kuliwa. Katika nyanda kavu ni busara kuhesabu theluthi moja tu. Sehemu ya yanayobaki hukanyagwa na mifugo au huliwa na mchwa na wadudu wengine, na nyingine lazima iachwe ili kulinda udongo na kuipa mizizi nguvu ya kuchipua tena. Kwa hiyo zimebaki kilo 12,000.

Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 250 hula kwa siku majani makavu yanayokaribia asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani kilo 6.25. Ng'ombe 30 watakula kilo 187.5 kila siku, na ngitili itawatosha kwa siku 64.

Ikifunguliwa tarehe 1 Agosti, malisho yatakwisha mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya mvua kutulia. Mwenye mifugo akiuza ng'ombe 10 wangali wanono, 20 waliobaki watapata malisho ya siku 96, yaani hadi mapema Novemba.

Njia za haraka

Malisho yaliyochungwa huwa na madoadoa: hapa yameliwa hadi chini, pale yameachwa. Hivyo fremu nyingi zinahitajika, na kuzikata zote ni kazi ngumu.

Mwaka 1975, watafiti wa Australia, Haydock na Shaw, walieleza njia ya kulinganisha. Mpimaji huchagua fremu tano za mfano, kuanzia yenye majani haba hadi yenye majani tele, kisha hutoa alama kwa macho kwa fremu nyingine nyingi. Baadaye hukata chache tu ili kusahihisha jicho lake.

Afrika Kusini nako, Bransby na Tainton walieleza mwaka 1977 kipimo cha sahani inayoangushwa juu ya majani. Kimo inapotulia huonyesha wingi wa majani. Kifaa hicho nacho hulinganishwa kwanza na majani yaliyokatwa, kwani aina ya nyasi na msimu hubadilisha matokeo.

Kinachoonekana na kilichoota

Majani yanayoonekana leo si yote yaliyoota, kwa kuwa mengine yamekwisha kuliwa. Ili kujua yaliyoota, wataalamu huzungushia uzio vipande vidogo na kuvilinganisha na sehemu iliyo wazi. Kwa njia hiyo Samuel McNaughton alionyesha katika miaka ya 1970, huko Serengeti, kwamba nyasi zilizoliwa na nyumbu huweza kuchipua upya kwa nguvu.

Siku hizi setilaiti nazo hutumika. Bima ya mifugo iliyoanzishwa Marsabit, Kenya, Januari 2010 kwa juhudi za Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, hutegemea ukijani wa ardhi unaoonekana kutoka angani.

Hata hivyo, si kila kijani ni chakula. Huko Baringo, mti wa mathenge hubaki kijani wakati wa kiangazi ilhali umeziba nafasi ya nyasi. Setilaiti huona mkoa mzima kwa mara moja, lakini haimwambii mfugaji ni kilo ngapi zilizomo ndani ya ngitili yake.

Kwa hilo, fremu na mizani bado vinahitajika. Wakati wa kuvitumia ni mvua zinapokatika, wakati mifugo ingali na afya na bei yake sokoni haijaanguka.