Nani Huitwa Haramia?

Likizo iliyopita, nikiwa Kagondo, Wilaya ya Muleba, nilinunua kwa shilingi elfu moja kitabu chakavu kilichokuwa juu ya turubai, katikati ya viatu vya mitumba. Jalada lilikuwa limeng'oka. Ndani mlikuwa na muhuri wa maktaba moja ya Uingereza. Ni riwaya ya Robert Louis Stevenson iliyotoka mwaka 1883, ambayo wazee wetu waliisoma kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina.

Tafsiri hiyo ya Kiswahili ilitoka mwaka 1929. Aliyeishughulikia, Frederick Johnson, ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa kamati ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 kusimamia Kiswahili sanifu. Wenye mamlaka juu ya lugha yetu ndio pia waliotuchagulia hadithi za kusoma.

Utotoni nilimwogopa Long John Silver, mwenye mguu mmoja na kasuku begani. Safari hii macho yangu yalimwendea Daktari Livesey, ambaye pia ni hakimu, na rafiki yake Trelawney, bwana mwenye mashamba. Hao ndio wanaorudi kwao na hazina. Dhahabu hiyo Nahodha Flint aliipata kwa kuua na kupora. Zimo sarafu za Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na Kireno. Hata hivyo, hakuna anayeuliza wenyewe ni nani. Mali ya wizi inatakata kwa kuingia tu mikononi mwa waungwana.

Ndugu msomaji, sisi wa kando ya Ziwa Viktoria tunalo la kusema hapa. Tarehe 22 na 23 Juni 1915, meli za Waingereza kutoka Kisumu ziliteremsha askari karibu na Bukoba, mji uliokuwa mikononi mwa Wajerumani, ambao nao hawakuwa wamealikwa na mtu. Askari hao, akiwamo mwindaji mashuhuri Frederick Selous, waliuteka mji. Mnara wa simu ya upepo ukaangushwa, mji ukaporwa, kisha wakapanda meli wakaondoka. Tukio hilo limeandikwa katika historia kuwa ni vita vya Bukoba. Miaka 14 baadaye, chini ya utawala wa Waingereza haohao, tulipewa kitabu cha kutuonyesha haramia ana sura gani.

Somo lilituingia. Leo mvuvi akiporwa injini na nyavu ziwani, mara moja tunasema ni maharamia. Anayepora akiwa na bendera, barua na muhuri tunamtafutia jina la heshima.

Sisemi kitabu hiki kitupwe; ni hadithi tamu. Nimekigundisha jalada jipya, nami nitampa mwanafunzi wangu akisome. Akimaliza, nitamuuliza swali moja tu: ile dhahabu ilikuwa ya nani?