Kibarua wa Nachingwea Alimzidi Kibarua wa Gemu

Wazee wa Dungeons & Dragons hili mnalijua. Kwenye kitabu cha sheria cha 2014, kibarua asiye na ujuzi analipwa sarafu 2 za fedha kwa siku. Maisha ya kimaskini nayo gharama yake ni sarafu 2 hizo hizo. Yaani jamaa kila siku analala na sifuri. Akiumwa siku moja tu, kwisha habari.

Sasa twende Nachingwea, 1947. Waingereza wanaleta mradi wa karanga: matrekta, makambi, mpaka reli kutoka pwani. Ruangwa ilikuwa bado haijawa wilaya, ilikuja kumegwa kutoka Nachingwea 1995. Vibarua walitakiwa kwa maelfu, na mashamba ya mkonge ya Lindi yaligombea watu haohao.

Mshahara ulikuwa mdogo, na posho ya chakula juu yake. Ila kina babu walikuwa na kitu ambacho kibarua wa gemu hana: shamba nyumbani. Mvua zikianza, wengi waliaga wakaenda kulima mtama na muhogo wao. Wakaitwa wavivu. Wavivu wapi? Mwenye chakula ghalani anaweza kusema hapana.

Mwanzoni mwa 1951 mradi ukafa, umeshameza zaidi ya pauni milioni 36. Baadaye hata reli ikang'olewa. Mashamba ya kina babu yakabaki.

Haya, wewe wa mjini: mshahara ukichelewa mwezi mmoja, ghala lako liko wapi?