Programu zinazopanga machimbo ya wazi

Programu za kupanga machimbo ya wazi ni zana za kompyuta ambazo wahandisi wa madini huzitumia kuamua mambo matatu: shimo liwe na ukubwa gani, lianzie upande upi na kila mwaka utolewe mwamba kiasi gani.

Mkulima wa Endarasha, katika eneo kame la Kieni, anayechimba kidimbwi cha kuvuna maji ya mvua anaufahamu ugumu wenyewe. Kadiri anavyokwenda chini ndivyo anavyolazimika kupanua mdomo, la sivyo kingo zitaporomoka. Mgodini, tani moja ya mbale huweza kudai tani kadhaa za mawe matupu ziondolewe kwanza.

Programu huigawa ardhi katika vitofali maelfu kwa maelfu. Thamani ya kila kitofali ni mapato ya madini yanayokadiriwa kuwamo, yakitolewa gharama za kuchimba, kusafirisha na kusafisha. Kisha hutafutwa shimo lenye faida kubwa kuliko yote, kwa sharti kwamba hakuna kitofali kitakachotolewa kabla ya vilivyo juu yake. Msingi wa hesabu hiyo uliwekwa na Helmut Lerchs na Ingo Grossmann mwaka 1965. Katika miaka ya 1980, Jeff Whittle wa Australia aliigeuza kuwa programu ya kuuzwa.

Hatua ya pili ni ratiba. Mbale bora hutangulizwa, kwa kuwa shilingi ya leo huishinda ya miaka kumi ijayo, huku kinu kikihakikishiwa mawe ya kusaga mwaka mzima.

Hata hivyo, kompyuta haijui zaidi ya inachoambiwa. Bei ya madini ikishuka, shimo lenye faida hupungua. Pembe ya kingo ikikosewa, wachimbaji huhatarisha maisha.

Ratiba hiyo inawahusu wananchi pia. Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 inagawa mrabaha asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Huko Kwale, uchimbaji wa mchanga wa titani, ambao shehena yake ya kwanza ilisafirishwa mwaka 2014, ulikoma Desemba 2024. Anayeijua ratiba ya mgodi mapema hujua pia siku ambayo ajira na mrabaha vitakoma, na anaweza kujiandaa.