Kizunguzungu: Chanzo Chake na Wakati wa Kukimbilia Hospitali

Mimi ni mtu wa pwani. Kazi ndiyo iliyonileta Kalimoni, hapa Juja, kati ya Ruiru na Thika. Baridi ya Julai ya huku nilikuwa naisikia tu. Usiku mmoja niliingiza jiko la makaa chumbani, nikafunga dirisha. Kichwa kikaanza kuuma, nikashikwa na kichefuchefu, chumba kikazunguka. Nilipotaka kusimama, miguu ikakataa. Jirani aliyekuja kuomba chumvi ndiye aliyenitoa nje.

Nyumbani waliposikia, wakasema ni upepo mbaya. Kumbe ni kaboni monoksaidi, hewa ya makaa isiyoonekana wala kunuka, inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Ukiona watu wa nyumba moja wanapata kizunguzungu pamoja, tokeni nje kwanza, kisha mwende hospitali.

Kizunguzungu si ugonjwa, ni dalili. Jiulize: je, vitu vinazunguka, au macho yanaingia giza kama unayetaka kuzirai?

Vitu vikizunguka, mara nyingi shida iko kwenye sikio la ndani, ambalo hutusaidia kusimama sawa. Chembe ndogo zikihama humo, ukigeuka tu kitandani unazungukwa kwa muda usiozidi dakika moja. Daktari huweza kuitibu hali hii kwa kukugeuza kichwa kwa utaratibu maalumu.

Macho yakiingia giza unapoinuka, huenda presha imeshuka. Sababu ni kama kupungukiwa maji kwa jua, kuhara au kutapika, dawa za presha, upungufu wa damu, au ujauzito. Mwenye kisukari anayetumia insulini huweza kushukwa na sukari. Nawe uliyetoka pwani karibuni ukipata homa, mwambie daktari umetoka wapi, upimwe malaria.

Nenda hospitali mara moja ikiwa kizunguzungu kimeambatana na:

- uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kulegea, au ulimi kuwa mzito;
- kuona vitu viwili viwili au kushindwa kutembea;
- maumivu makali ya kichwa yaliyoanza ghafla;
- maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio, au kuzirai;
- kuumia kichwa, choo cheusi, au kutokwa damu ukiwa mjamzito.

Dalili ya kwanza hapo ni ya kiharusi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa anayefaa kupewa, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, kwa hiyo usilale ukingoje asubuhi. Kumbuka saa dalili zilipoanza. Hapa Kalimoni ipo hospitali ya misheni, na Thika ipo hospitali ya Level 5.

Kikikushika, keti au lala papo hapo. Usipande bodaboda peke yako. Ukiamka, keti kwanza ukingoni mwa kitanda. Dawa za presha usiziache bila kumuuliza daktari.

Na jiko, ndugu yangu, likae nje. Baridi dawa yake blanketi.