Nahodha Aliyetafutiwa Tezi Mara Saba

Kila anayevuka kwa feri ya Likoni, Mombasa, amewahi kusubiri meli ipite kwanza. Mlango wa Kilindini ni mwembamba. Meli ya makontena ikielekea gatini, feri hungoja, nasi tuliojaa mtelemkoni huinua macho kuwatazama mabaharia waliosimama sitahani. Baharia wa namna hiyo, Charles Martell, nahodha wa meli za biashara za Marekani, aliwafunza madaktari wa dunia somo ambalo mgonjwa wa Kisauni au Changamwe analihitaji hadi leo.

Mwaka 1918 Martell alikuwa kijana mwenye afya, mrefu kupita mita 1.8. Miaka iliyofuata mifupa ilianza kumuuma, kisha ikawa inavunjika kwa jambo dogo. Kifua kilichomoza kama cha njiwa. Mkojo ulitoka na changarawe. Uti wa mgongo ulijikunja, na hatimaye nahodha akawa amepungua kimo kwa zaidi ya sentimita 15.

Mwaka 1926, katika hospitali ya Bellevue jijini New York, daktari Eugene DuBois alimpima damu akakuta kalsiamu iko juu mno. Mifupa ilikuwa inayeyuka na kumwagikia damuni. Aliyeshukiwa ni tezi ya paratairoidi.

Tezi hizi kwa kawaida ni nne, kila moja sawa na punje ya mchele, rangi yake hudhurungi iliyoelekea manjano, nazo hujibanza nyuma ya thairoidi, ile tezi ya shingo ambayo ikivimba huitwa rovu. Ivar Sandström, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari huko Uppsala, Uswidi, ndiye aliyezieleza kwa binadamu mwaka 1880. Kazi yao ni kulinda kiwango cha kalsiamu mwilini. Moja ikiota uvimbe, homoni humwagika kupita kiasi, nayo huinyonya mifupa. Mwaka 1925, mjini Vienna, daktari Felix Mandl alimpasua shingo kondakta wa tramu aliyeugua hivyo, akatoa uvimbe, na mgonjwa akapata nafuu kubwa. Kwa hiyo njia ilikuwa imeonekana: fungua shingo, toa uvimbe.

Martell alipelekwa Massachusetts General, hospitali kubwa ya Boston. Mwaka huohuo wa 1926 alipasuliwa shingo mara mbili. Uvimbe haukuonekana. Alipasuliwa tena New York. Haukuonekana. Mwaka 1932 alirudi Boston, na madaktari Edward Churchill na Oliver Cope wakaifungua shingo ileile tena na tena. Mtu na afikirie kazi hiyo: kupekua punje katikati ya mafuta yanayofanana nayo kwa rangi, juu ya makovu ya visu vilivyotangulia, kando ya mshipa wa fahamu unaobeba sauti ya mtu.

Cope alisimulia baadaye kwamba mgonjwa mwenyewe alikuwa ameingia maktaba kusoma maumbile ya mwili, naye ndiye aliyesisitiza wamtazame kifuani. Katika upasuaji wa saba walipasua mfupa wa kidari. Uvimbe ulikuwa pale, wa sentimita 3 hivi. Miaka sita shingo ilikatwa, na ugonjwa ulikuwa umekaa kifuani.

Sababu inaanzia tumboni mwa mama. Tezi hizi huumbika juu ya shingo, kisha hushuka. Jozi ya chini hushuka pamoja na tezi ya thaimasi inayoelekea kifuani, na safari yake ndiyo ndefu zaidi. Ikisimama mapema hubaki karibu na taya. Ikipitiliza huishia nyuma ya kidari. Nyingine hujificha nyuma ya umio, au hata ndani ya thairoidi yenyewe.

Martell hakuifaidi afya aliyoitafuta. Wiki sita baada ya uvimbe kupatikana, alifariki kufuatia upasuaji wa kijiwe kilichoziba njia ya mkojo. Figo zilikuwa zimeharibika kwa kuchelewa. Somo lake halikufa.

Mwaka 1963 Solomon Berson na Rosalyn Yalow walitangaza njia ya kuipima homoni hii katika damu. Kalsiamu ikiwa juu, na homoni nayo iko juu ilhali ingepaswa kushuka, ugonjwa umejulikana hata kama uvimbe haujaonekana. Picha hazithibitishi ugonjwa. Kazi yake ni kuonyesha ulipo. Altrasaundi huona shingo lakini haipenyi nyuma ya kidari. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 mgonjwa huchomwa dawa yenye mnururisho mdogo, sestamibi, ambayo mara nyingi hung'ang'ania kwenye uvimbe na kuonekana kwa kamera hata ukiwa umejificha kifuani, kisha picha za CT huonyesha jirani zake. Uvimbe ukiwa kifuani, siku hizi unaweza kutolewa kwa kamera kupitia matundu madogo kati ya mbavu. Homoni hupimwa mgonjwa akiwa bado mezani: ikishuka zaidi ya nusu ndani ya dakika 10, kilichotolewa ndicho.

Kwa mtu wa ng'ambo ya Mombasa, kamera za sestamibi zinaweza kumaanisha kupanda treni Miritini kuelekea Nairobi. Lakini mlango wa safari hiyo ni kipimo cha damu cha kalsiamu, ambacho si kigeni katika maabara. Huku pwani mtu akitoa vijiwe vya figo, lawama huwa ya joto na maji ya chumvi. Joto kweli huchangia. Vikirudi mara ya pili na ya tatu, mifupa ikiuma, kiu haiishi na mwili umechoka bila sababu, usikubali kutibiwa kijiwe peke yake. Mtafutaji hachoki. Muulize daktari wako swali moja: kalsiamu yangu ni ngapi?