Lualaba Ilipokuwa Ukuta wa Nyangwe

Kwa takriban wiki tano, kuanzia mwishoni mwa Januari 1893, ngome ya Nyangwe ilikuwa mto wenyewe. Ukingo wa magharibi alipiga kambi Francis Dhanis, afisa wa Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II, akiwa na askari wake Wahausa na maelfu ya wapiganaji wa Gongo Lutete. Ng'ambo ulikuwapo mji, mikononi mwa wafanyabiashara Waarabu. Kati yao mto Lualaba ulikuwa na upana unaokaribia kilomita moja. Risasi zilivuka, watu hawakuvuka.

Vita vilianza kwa ugomvi wa nyumbani. Gongo Lutete alikuwa mtu wa Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa, na Tippu Tip alikwisha ondoka kurejea Unguja tangu 1890, mji wa Kasongo akamwachia mwanawe Sefu bin Hamed. Septemba 1892 Gongo akahamia upande wa Dola. Sefu alidai Gongo arudishwe, akakataliwa, akashika silaha. Novemba alishindwa vibaya kwenye mto Lomami. Huko Kasongo mawakala wawili wa Dola, Lippens na De Bruyne, wakauawa. Januari, Mwinyi Mohara, mkubwa wa Nyangwe, naye aliangukia vitani. Waliosalia wakarudi nyuma ya maji, na kwa hesabu ya kivita hapakuwa mahali pazuri kuliko hapo.

Ila mitumbwi haikuwa yao. Ilikuwa ya Wagenya, wavuvi na wavushaji wa mto huo, na wageni walilijua hilo zamani. Mpelelezi Livingstone alifika Nyangwe mwisho wa Machi 1871, akakaa miezi akitafuta mtumbwi wa kununua, asipate. Cameron, mpelelezi mwingine, naye mwaka 1874 aliondoka bila chombo cha kumteremsha mtoni. Mwenye bunduki huko Maniema, eneo la Nyangwe, alitawala nchi kavu. Majini alimngoja mwenye kafi.

Tena watu wa mto walikuwa na la kukumbuka: tarehe 15 Julai 1871 wafanyabiashara Waarabu wenye bunduki waliwafyatulia risasi watu sokoni Nyangwe, wengi wao wanawake waliokuja kuuza bidhaa zao. Walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa ikazama. Waarabu wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaona hayo kwa macho yake. Miaka 22 baadaye, sidhani kama watu wa ukingoni walikuwa wamesahau, ingawa naamini pia kwamba Wagenya walipima upepo: Sefu alikuwa ameshindwa mara kadhaa, na Dhanis alikuwa tayari kupatana nao.

Wakapatana. Tarehe 4 Machi 1893 mitumbwi ya Wagenya ikavusha jeshi, na mji ukaingiwa karibu bila mapigano. Siku chache baadaye vurugu zikazuka ndani, watu wengi wakauawa, na Nyangwe ikateketea. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa na Dhanis, ndiye aliyetuachia habari nyingi za siku hizo, na yafaa kukumbuka kwamba alikuwa upande wa washindi. Kasongo ilianguka tarehe 22 Aprili. Ndani yake askari walikuta hariri, vinara vya mishumaa, na bustani za machungwa na makomamanga.

Ulinzi wa kuta ulikuja baada ya hapo. Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan el-Barwani wa Ujiji, alitoka mashariki kumsaidia Sefu, na Oktoba 1893 mapigano yakaanza upya. Sefu akafa mwezi huohuo. Watu wa Rumaliza walijenga maboma ya magogo na udongo yenye mahandaki, wakayajenga upesi mno, na kwa wiki nyingi yaliwashinda maafisa wa Dola. Hata mzinga haukufua dafu mbele ya udongo. Kilichoyaponza ni mapaa ya nyasi. Januari 1894 kombora lilianguka juu ya nyumba ndani ya boma kuu, moto ukashika, watetezi wakatimka ovyo. Maboma mengine yalikatiwa njia ya maji yakasalimu amri.

Mji wa Kabambare ukatekwa tarehe 25 Januari 1894. Rumaliza alikimbilia upande wa Wajerumani, kisha akafika Unguja, ambako alimshitaki Tippu Tip mahakamani kwa ajili ya mali. Gongo Lutete hakuuona ushindi: maafisa wa Dola aliyoipigania walimpiga risasi huko Ngandu, Septemba 1893, kwa tuhuma za usaliti.