Mshahara wa Mtu Mmoja

Kila apokeaye mshahara hujiuliza: fedha hizi zimepimwa kwa kipimo gani? Msomaji mpenzi, swali hilo lina historia, na mji wa Eldoret waweza kutufundisha sehemu yake.

Mji huo ulianza kama Shamba Na. 64, na ndiyo sababu wenyeji waliuita Sisibo. Mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika kwa magari yakokotwayo na maksai katika uwanda wa Uasin Gishu, ambako Wanandi na majirani zao walikuwa wakilisha mifugo. Walowezi walipewa ardhi kubwa, lakini walikosa mikono ya kuilima.

Mikono hiyo ilipatikanaje? Kwanza, kwa kodi: ilitakiwa fedha taslimu, na wengi hawakuwa na njia ya kuipata ila kazi ya mlowezi. Pili, kwa sheria: tangu 1918 skwota, yaani mfanyakazi aliyeruhusiwa kulima na kulisha wanyama wake katika shamba la mlowezi, alipaswa kumtumikia siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Tatu, kwa kipande, cheti ambacho wanaume walikichukua shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Humo uliandikwa mshahara aliolipwa mtu mara ya mwisho. Basi bwana mpya aliusoma, akaona hana haja ya kuzidisha.

Sasa itazame hesabu yenyewe. Mshahara ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja, kana kwamba hana mke wala mtoto: posho yake, blanketi lake, kodi yake. Jamaa yake walidhaniwa kujilisha kwa kishamba chao. Kwa hiyo jembe la mwanamke lilimpunguzia mlowezi gharama, wala jina la mwanamke huyo halikuandikwa katika daftari lo lote.

Mwaka 1921, bei za mazao zilipoanguka, walowezi waliazimia kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Harry Thuku alipaza sauti huko Nairobi. Akakamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika kudai afunguliwe wakapigwa risasi. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma kwa maelfu, na Chege Kibachia akawa kiongozi wao. Hatimaye, mwaka 1954, kamati ya serikali chini ya Carpenter, Kamishna wa Kazi, ilikiri kwamba mshahara wa kapera haufai, na kwamba kima cha chini kielekezwe kwenye mahitaji ya mtu mwenye jamaa.

Usidhani hesabu ile ilikosewa kwa kutojua. Kila mlowezi aliwaona watoto wa wafanyakazi wake wakicheza shambani mwake. Hawakuhesabiwa kwa kuwa aliyeshika kalamu hakutaka kuwalipia.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki. Hata hivyo, kima cha chini cha kazi za kilimo bado hutangazwa mbali na kile cha kazi nyingine. Basi usikiapo kwamba kima kipya kimetangazwa, usiulize tu, “Ni shilingi ngapi?” Uliza pia, “Wamehesabiwa watu wangapi?” Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichopimwa kwa mtu mmoja hakishibishi watu sita.